Mtu Aliyehesabu Mistari Yetu

Msiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo ndiyo mambo ambayo mudugudu wetu mzima, yaani mtaa wetu hapa Niboye, Kigali, ulishindwa kuyapata kwa miaka mingi, na si kwamba hatukutafuta. Tulitafuta sana. Wenye adabu walitafuta kwa maswali, na wasio na adabu kama mimi tulitafuta kwa kuchungulia sufuria yake. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu mistari yetu siku za kuchagua, kwa hiyo tukamwita Mhesabu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Nieleze kwa asiyejua. Sisi mkuu wa mudugudu hatumchagui kwa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani wametazama mbele, hawaruhusiwi kugeuka, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka. Mstari wenye watu wengi ndio ulioshinda. Ni jambo rahisi, hata mimi niliyeishia darasa la tatu nalielewa. Ugumu wake ni mmoja tu, kwamba kila mtu anakuona umesimama wapi.

Na mudugudu wetu ni wa watu waliorudi kutoka ukimbizini. Sote ni Wanyarwanda, lakini tumekulia kila upande: sisi wa Tanzania, wale wa Uganda, wale wa Burundi, na wachache wa Kongo. Mtu anarudi kwao na kabeba alikokulia mgongoni. Sisi wa Tanzania tunasalimiana mpaka chai inapoa. Wa Uganda, asubuhi bila ndizi na matumbo hawajaamka. Wa Burundi wanagombana kwa sauti ya chini, utadhani wanaombana chumvi. Wa Kongo hawatoki nyumbani bila kupiga nguo pasi, hata siku ya umuganda tunapotoka wote kufyeka na kuzibua mitaro. Basi siku ya kuchagua, akisimama mtu wa kwetu sisi tunakwenda nyuma yake, na wao nyuma ya wao. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Tena kwenye mikutano tulikuwa tunasema kwamba mambo ya kuulizana umekulia wapi yamekwisha. Tunasema hivyo, tunapiga makofi, halafu tunakwenda kusimama palepale.

Sasa fikiria mtu wa kuhesabu watu kama hao awe nani. Akiwa wa Uganda, sisi tutasema kawaongeza wake. Akiwa wa kwetu, wa Burundi watasema hivyohivyo, kwa sauti ya chini. Mhesabu alikuwa hajulikani, na nadhani hilo ndilo jambo pekee tuliloafikiana wote bila kubishana.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Ujana wake aliumalizia kwenye maghala ya Gikondo akihesabu magunia ya kahawa, na watu alituhesabu kama magunia: hakuamini jicho, aliamini mkono. Alipita kwenye mstari akigusa kila bega kwa vidole viwili. Ukijipinda kuzungumza na mwenzako, alisimama mbele yako akakungoja.

“Simama vizuri, wewe si shuka la kuanikwa.”

Mwanamke mwenye mimba alimwambia, “Wewe ni mmoja. Huyo wa ndani atakuja mwenyewe akikua.” Jirani yangu aliyezoea kuchelewa alikuja siku moja akikimbia na taulo shingoni, akaambiwa, “Umefika ukiwa nusu. Tutakuhesabu mzima kwa huruma.”

Lakini kuhesabu kwenyewe alihesabu kimya. Hata midomo haikucheza. Mimi nilidhani ni maringo, mpaka nilipotambua ujanja wake. Mtu huhesabu kwa lugha ya utoto wake. Unaweza kujifunza kuongea kama watu wa Kampala, ukajifunza kuongea kama watu wa Bujumbura, ila ukianza kuhesabu maharage haraka haraka, shule yako ya kwanza inatoka yenyewe. Yeye alijua hilo. Kwa hiyo aligusa mabega mpaka mwisho, akachukua kibao kidogo cheusi na chaki, akaandika namba, akakiinua juu. Tarakimu hazina kwao.

Tulijaribu kila njia. Mimi nilimwalika nyumbani msimu wa senene, nikawakaanga wale panzi vizuri na kitunguu, nikamwekea sahani yake. Wa kwetu tukiona senene tunasahau hata majina ya watoto. Yeye alizoea kuniita Mukecuru, yaani bibi kizee, nami nikimwita Muzehe.

“Muzehe,” nikamwambia, “hawa unawajua?”

“Nimewajua leo, umeniandalia wewe.”

“Mbona unawala kama mtu wa zamani?”

“Mukecuru, nina njaa ya zamani.”

Wiki iliyofuata akaalikwa kwa watu wa Burundi, akapewa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, akamaliza, akasema maneno yaleyale aliyoniambia mimi: “Chakula kimefika.” Kwa watu wa Kongo akala sombe, kisamvu chao, mpaka akaomba ya kubeba. Kila nyumba ikabaki na hakika kwamba huyu ni wao, kwa sababu hakuna mgeni anayeweza kula vile. Mimi naona alinenepa kidogo miaka ile.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi na alikuwa na kiburi cha kofia. Ukimwambia aivue ndani ya nyumba alikutazama kana kwamba umemwambia avue suruali. Mambo yake mengi yaligongana. Mtu aliyeweza kuhesabu uwanja mzima bila kukosea hakujua ana wajukuu wangapi. Nilipomuuliza alianza kukunja vidole, akapotea, akasema, “Wale hawasimami kwa mstari.” Alikataza umbeya, lakini hakuna aliyejua mambo ya nyumba zetu kama yeye. Aliweza kukwambia fulani kakulia wapi kwa kutazama anavyofunga kitenge, au anavyomenya ndizi, au anavyomwita mtoto aliye mbali. Na siku ya kuchagua aligonga milango alfajiri kuwatoa waliolala, akiwaambia kuchagua ni wajibu, hali yeye mwenyewe hajawahi kusimama nyuma ya mtu yeyote.

“Na wewe je?” nilimuuliza siku moja.

“Anayehesabu hasimami. Nikisimama, nani atanigusa bega?”

Jambo lililoniudhi zaidi ni karatasi yake. Asubuhi moja ya kuchagua nilimkuta uwanjani kabla ya watu, amekaa juu ya jiwe, anaandika kwenye kipande cha karatasi. Akakikunja, akanipa, akaniambia nikitie mfukoni mwa sweta na nisikifungue mpaka amalize kazi. Watu wakaja, wakasimama, akawagusa, akainua kibao. Nikafungua karatasi. Namba za wagombea wote watatu zilikuwepo, na hakuna iliyopishana na ya kibao kwa zaidi ya watu wawili.

“Umelogwa wewe,” nikamwambia.

“Sijalogwa. Nimehesabu nyumba. Nyumba hii ya Uganda, ile ya Tanzania, hii ya Burundi. Najumlisha tu.” Akaichukua karatasi yake, akaichana. “Sasa kama mimi nikiwa nimekaa hapa najua jibu, nyinyi mnachoka kuja kufanya nini?”

“Tunakuja kuchagua.”

“Mnakuja kusalimiana na watu wa kwenu, Mukecuru. Mngeweza kufanya hivyo nyumbani.”

Nilikasirika, nikaondoka. Mimi ni mtu ninayefuma sweta za watoto wa shule kwa mashine, nalea wajukuu, silali mpaka vyombo viwe safi. Sikupenda kuambiwa kwamba mtu ameniandika kwenye karatasi kabla sijavaa viatu.

Ila alikuwa na haki ya kunicheka, na hili nalieleza mwenyewe kabla watu wa kwetu hawajalieleza vibaya. Awamu moja aligombea dereva wa lori aliyehamia karibu. Kijana huyo akinikuta njiani anainama kabisa, “Shikamoo mama.” Harusi ilipofanyika mtaani alipika pilau ambayo ningeapa imepikwa Mwanza. Nikasema huyu ni wetu. Nikazunguka nyumba za watu wa Tanzania moja baada ya nyingine, nikawaambia mwana amepatikana. Siku ya kuchagua nilikuwa wa kwanza nyuma yake, na sisi sote tukajipanga. Wa Uganda nao, kwa mshangao wangu, wakaja wote wakajipanga nyuma yake. Nikafurahi, nikadhani watu wameanza kupata akili.

Mhesabu alipofika kwenye bega langu alikohoa. Kikohozi kirefu, cha makusudi. Sikukielewa. Siku ya sherehe ya ushindi walikuja wazazi wa yule dereva, wametoka Kampala, na mama yake akaanza kutusimulia jinsi mtoto wake alivyozaliwa pale, akasoma pale, akaoa pale, halafu akapata kazi ya lori la kwenda Bukoba na Mwanza, huko ndiko alikojifunza kupika. Watu wa kwetu wote wakanigeukia. Nilijifanya natafuta chumvi.

“Ulijua,” nilimwambia Mhesabu kesho yake.

“Nilikohoa.”

“Mtu anakohoa kwa mafua.”

“Basi awamu ijayo nitapiga filimbi.”

Na dereva yule akawa mkuu mzuri kuliko wote tuliopata kuwa nao. Alituletea taa za njiani, akapatanisha watu waliokuwa hawasalimiani. Ningejua ni wa Kampala nisingesimama nyuma yake hata kidogo. Nimeliwaza hilo mara nyingi nikiwa kwenye mashine, na kila mara nimebadilisha mawazo nikahesabu mishono.

Dereva alipohama, tukaja kwenye uchaguzi ulionitenganisha na Mhesabu. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja fundi wa mabomba, mtu wa kwetu kabisa, amekulia Karagwe nilikokulia mimi, nimewaona wazazi wake kwa macho. Wa pili mama mwenye saluni, amekulia Bujumbura. Mvua za mwaka ule mtaro mkubwa ulikuwa umeziba, maji yakaingia kwenye nyumba za chini. Yule mama alitoka na buti za mpira na jembe, akashinda kwenye matope na majirani mpaka maji yakapita. Fundi alipiga simu akatupa pole. Nilijua yote hayo. Lakini sisi wa Tanzania tulikuwa wengi mwaka ule, tungeshinda hata tukisimama kwa mguu mmoja, na mimi nilitaka kuona mkuu wa mudugudu anayenielewa nikitania.

Tukasimama. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, naye amekulia Ngara, akapita pembeni yangu bila kusimama.

“Wewe unakwenda wapi?”

“Kusimama, Mabukwe,” akasema, kwa lile jina la heshima la mama mkwe.

“Mstari wako uko hapa.”

“Maji yaliingia kwangu, Mabukwe. Hayakuingia kwa Fundi.”

Watu wakacheka mbele na nyuma yangu. Akaenda akasimama nyuma ya mama wa saluni, amenyoosha shingo. Nikaona na wengine wa nyumba za chini wanatoka kwenye mstari wetu mmoja mmoja, wanavuka.

Mhesabu akapita na vidole vyake. Alituhesabu sisi, akawahesabu wao, akaandika, akainua kibao. Fundi alikuwa ameshindwa kwa mtu mmoja.

Kelele zikaanza. Akahesabu tena, safari hii kila aliyeguswa akae chini. Mmoja. Watu wa kwetu wakasema huyu mzee leo kachoka, wengine wakasema kanunuliwa kwa ndagala. Na mimi, ambaye mkwe wangu alikuwa amenitia aibu mbele ya uwanja mzima, nikainuka nikasema kwa sauti jambo ambalo hatukuwahi kulisema hadharani.

“Muzehe, leo utuambie umekulia wapi. Ukishasema, ndipo tutajua kama tukuamini.”

Hata wagombea, nadhani, walitamani kugeuka. Wote tulijua kwamba akitamka jina la mahali, jina lolote lile, hatahesabu tena, na sisi hatutapata mwingine wa kumwamini. Akaninyooshea chaki.

“Keti, Mukecuru. Wewe nimeshakuhesabu.”

Kisha akaenda mbele, akamshika Fundi mkono, akamgeuza, akampa chaki na kibao. “Hesabu mwenyewe.”

Fundi akatembea mstari wake na mstari wa mwenzake, anahesabu kwa sauti, Kiswahili chetu kile cha shule. Alipofika mwisho alisimama kidogo. Akaandika namba ileile. Halafu akaenda kumpa mama wa saluni mkono, na kwa hilo nampa heshima yake, maana mimi nisingeweza.

Siku mbili sikula chakula cha mkwe wangu. Siku ya tatu alipika maharage ya nazi, nikala, hatukuzungumza juu ya jambo lile. Kwa Mhesabu nilikawia zaidi. Nilimpita njiani kama mti. Nilijua nimekosa, na kadiri nilivyojua ndivyo shingo ilivyozidi kukakamaa. Nilipoanza kutafuta namna ya kumwomba radhi nikasikia amehama, magoti yamemshinda, binti yake amemchukua.

Mwaka huu meza ya mashine yangu ilivunjika mguu. Nikaenda Gisozi kwa maseremala kutafuta nyingine, nikawa napita katikati ya vitanda na makabati, vumbi la mbao hadi kwenye meno. Kwenye karakana moja ya nyuma, juu ya kitanda kipya ambacho hakijapakwa rangi, alikuwa amekaa mtu mwenye kofia ya sufu. Karakana ni ya mkwe wake.

Kabla sijafungua mdomo akanisalimia. Akanisalimia kwa Kinyambo. Kinyambo cha Karagwe, si kile cha kujifunza ukubwani. Kile cha watoto wanaochunga, chenye matusi madogo ndani yake.

Nilishika nguzo ya kitanda.

“Wewe,” nikamwambia. “Wewe ni wa kwetu.”

“Vilima viwili kutoka kwenu. Nilimjua kaka yako mkubwa. Alikuwa mwizi wa ndizi.”

“Miaka yote hii, Muzehe? Na zile senene?”

“Zile senene nililia nikifika nyumbani.”

“Kwa nini unaniambia leo?”

“Leo sihesabu mtu. Kuna msichana anayehesabu sasa, nasikia kakulia hapahapa Kigali, kwa hiyo hamna cha kumuuliza. Waambie unaowataka.”

Nikakaa kando yake. Nilikuwa na radhi ya kuomba, na niliiomba, kwa maneno machache kwa sababu sina mazoezi. Akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Lakini nilipokaa vizuri lile jambo likaanza kunipanda kichwani. Siku ile tulishindwa kwa mtu mmoja. Mmoja tu. Na mtu wa Karagwe alikuwa amesimama pale uwanjani na chaki mkononi, hana mstari.

“Kumbe tungetoka nao sare,” nikamwambia. “Ungekuja kusimama na sisi ndugu zako, siku ile tungekuwa sawasawa. Tungerudia, na tungeshinda. Umetuangusha wewe kwa kuhesabu kwako.”

Msumeno ulikuwa unalia upande wa pili. Akangoja unyamaze, akaivua kofia yake, mara ya kwanza kumwona kichwa, akakung'uta vumbi.

“Mukecuru, nani kakwambia ningesimama na nyinyi?”

“Ungesimama wapi, na wewe ni wa Karagwe?”

“Kwa yule mama wa buti. Mngeshindwa kwa wawili.”

Akacheka mpaka mkwe wake akaja kutazama kuna nini. Mimi sikucheka mbele yake, sikutaka apate faida. Nilichagua meza yangu, nikaaga, na nilipokuwa peke yangu kwenye mteremko ndipo nilipocheka, mpaka nikalazimika kusimama.